Muulize Mjomba Lukuga: Nchi Nne, Siku Saba, na Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Shule zimefunga, mvua zimekatika, na barua za mwezi huu zote zinanuka petroli. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kila mtu hapa Kalemie mwenye magurudumu manne, hata ya kuazima, amejiona Ibn Battuta. Wazee walisema msafiri kafiri. Anayepanga safari hawakumtaja, nadhani kwa aibu. Nimechagua barua tano na vimaswali vichache. Zilizobaki zilikuwa zinaomba nauli.

Barua ya kwanza

*Mjomba, yambo sana. Nimepata motokari, RAV4 iliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani uko kulia. Likizo hii nataka kulizunguka ziwa letu lote na familia: Kalemie, Uvira, Bujumbura, Kigoma, Mpanda, Sumbawanga, Mpulungu, Pweto, Moba, halafu nyumbani. Tuko saba. Mama mkwe atakaa mbele kwa heshima. Kazini nimepewa siku saba. Shemeji amepima kwenye simu, anasema zinatosha na zitabaki. Nipe baraka.*
*Dereva wa Lubuye*

Dereva, baraka nitakupa mwishoni kama zitasalia. Tuanze na simu ya shemeji. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 na ushee. Hakuna ziwa la maji baridi duniani linalolishinda kwa urefu. Barabara nazo hazikukubali kutembea ufukweni. Zinakimbilia milimani, zinazunguka mabonde, ndipo zinarudi kuchungulia maji. Mzunguko wako wote unapita kilomita 2,000. Upande wa Tanzania, kutoka Kigoma kushuka hadi Sumbawanga, sehemu kubwa sasa ni lami, na hapo shemeji anaweza kusema kweli. Upande wetu, kutoka Pweto kuja Moba na Kalemie, ni udongo na mawe. Saa ambazo simu inakuhesabia hapo ni saa za ndege.

Kaskazini sina utani. Vita vilivyozimeza Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025 vilifika hadi Uvira Desemba ya mwaka huohuo. Familia haipitishwi njia hiyo eti kwa sababu ramani imechora mstari.

Sasa usukani. Kongo na Burundi tunaendesha upande wa kulia. Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto. Motokari yako itakuwa kwao ikifika kwa Watanzania. Huku kwetu, ukitaka kulipita lori, wewe huoni kitu ila matope ya bodi yake. Anayeona mbele ni aliyekaa kiti cha kushoto. Naye ni nani? Mama mkwe. Yaani kwa kila lori utainama kidogo na kuuliza, “Mama, mbele kuko salama?” Akisema pita, utapita. Akisema ngoja, utangoja mpaka lori lifike lilikokuwa likienda. Na akisema, “Mkwe wangu mwingine asingeuliza,” utamjibu nini? Mama mkwe hajibiwi, hata kwa honi.

Hukumu yangu: motokari ilale nyumbani. Vukeni kwa meli hadi Kigoma, mpande basi la Mpanda. Kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga barabara inapita Hifadhi ya Katavi, na pale Sitalike watoto wataona viboko kwa macho yao. Mkiwa na nguvu bado, nendeni hadi maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mtaiona Zambia ng'ambo bila kugongewa mhuri wake. Hizo ni nchi mbili, na zinataka siku kumi. Ukinyimwa siku tatu za nyongeza kazini, kata Sumbawanga na Kalambo, usikate usingizi. Mama mkwe akae dirishani. Kwenye basi hakuna wa kumwuliza kuhusu malori.

Barua ya pili

*Mjomba, kila ninayemwuliza habari za kuvuka mpaka na gari ananiambia, “Uwe na carte jaune.” Ninayo, ya chanjo, imechanika pembeni lakini inasomeka. Sasa mtu wa bima anasema sina, nilipe dola anitengenezee. Anataka kunichanja mara ya pili? Mbona ana tai, hana sindano?*
*Nimechanjwa, Avenue Lumumba*

Nimechanjwa, mwachie huyo mtu wa bima, hana kosa. Kadi za njano ni mbili. Moja ni yako wewe mwenye damu: cheti cha homa ya manjano. Tangu Julai 2016, Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa cha maisha. Afisa akikuambia kimekwisha kwa sababu kimepita miaka kumi, mweleze kwa upole kwamba sheria ilibadilika, tena umweleze mkiwa wawili na yeye, si mbele ya wadogo zake wa kazi. Afisa aliyeaibishwa hugundua kasoro nyingine.

Ya pili ni ya gari: bima ya COMESA, nayo huitwa kadi ya njano. Inalipa madhara utakayomtendea mtu mwingine katika nchi ya kigeni, na inakubalika katika nchi zote nne za ziwa hili. Hata Tanzania, ambayo si mwanachama wa COMESA, inaitambua. Ukivuka mpaka wa Manyovu, kuingia Tanzania, bila hiyo, utanunua bima nyingine palepale, kwa bei ya mtu asiye na pa kwenda. Kadi ya gari haizuii mbu, na kadi ya mbu haitamlipa mwenye ng'ombe uliyemgonga. Beba zote mbili.

Ongeza pasipoti ambazo hazifi kesho, carte rose ya gari yenye jina lako, na barua ya mwenye gari kama jina si lako. Ukisafiri na mtoto asiye wako, uwe na ruhusa ya maandishi ya wazazi wake. Kwa upande wetu DGM, watu wa uhamiaji, watakuuliza wewe ni nani; DGDA, watu wa forodha, watakuuliza gari ni la nani. Usiyachanganye majibu. Toa nakala tatu za kila karatasi hapa mjini. Fotokopi ya mpakani ina bei yake, na mashine yake daima imeharibika asubuhi hiyo.

Barua ya tatu

*Mjomba, mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Tunakwenda Kigoma, naye ametengeneza jedwali. 14:00 meli inang'oa nanga. 14:10 familia inafurahia mandhari. 14:40 picha. Kukojoa ametuwekea dakika nne, watoto wote kwa pamoja. Amelibandika ukutani, wageni wakija anawasomea. Nifanyeje?*
*Mke wa Jedwali, commune ya Lac*

Mama, mume wako ni mtu mwema, na jedwali lake lina makosa matatu tu.

La kwanza: Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Kalemie tunatumia saa moja na Lubumbashi, Bujumbura na Lusaka. Ukivuka ziwa, saa inaruka. Kwa hiyo jedwali limeshachelewa kabla mtu hajavaa viatu. Na akiambiwa siku ya kurudi kwamba meli inaondoka saa nane, aulize saa nane ya ukuta upi.

La pili: nahodha hana jedwali, ana shehena. Meli za mizigo zinazobeba na abiria huondoka zikijaa. Ikibaki nafasi ya magunia hamsini, mtayangoja magunia hamsini, na mwenye magunia yuko msibani. Ukiuliza gatini, jibu ni “saa hii hii.” Maana yake mkapike.

La tatu: Juni hadi Agosti upepo wa kusini unalipiga ziwa hili bila huruma. Saa 14:10, badala ya kufurahia mandhari, familia itakuwa imeshika ndoo. Mwombe ahamishe mandhari hadi alfajiri, maji yanapotulia na milima ya Tanzania inapoanza kuonekana.

Kuna mstari mmoja ambao hakuuandika, nao nauandika mimi kwa wino mzito. Desemba 2014 meli iitwayo Mutambala ilizama katika ziwa hili, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Kila mtoto awe na jaketi la kuokoa maisha, limefungwa mwilini, si limelaliwa kama mto. Ukiona boti imekaa majini hadi shingoni na bado wanapakia, shukeni. Nauli ikipotea italipwa na mwezi ujao.

Kuhusu jedwali lenyewe, usilichane. Chukua kalamu yake nyekundu, ongeza safu moja pana kuliko zote, uiite “Kungoja.” Mwalimu akiona kungoja kumepangwa, atangoja kwa furaha.

Barua ya nne

*Mjomba, naenda Ujiji kwenye harusi ya binti wa dada yangu. Nimefunga: magodoro mawili, sufuria kubwa ya bukari, kilo 30 za unga wa muhogo, mtungi wa mawese, ndoo ya mikebuka iliyokaushwa, kuku wanne hai, na zawadi. Mume wangu anasema Kigoma kuna chakula. Nani ana haki?*
*Mama wa Mizigo, Lukuga*

Mama, unapeleka mawese Kigoma? Mkoa mzima unanuka mawese! Na hiyo mikebuka, wenzetu wanaiita migebuka, wanaivua katika maji haya haya usiku ule ule. Samaki wako atakutana na ndugu zake sokoni Kibirizi na kuona haya.

Hata hivyo huko peke yako. Ziwa hili limeona wapakiaji wakubwa kukushinda. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli Graf von Götzen huko Papenburg, wakaifungua vipande, wakavitia katika maelfu ya makasha, wakavileta kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Wakaiunga, wakaishusha majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowabana, wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe.

Waingereza walichagua vidogo. Walitoka kwao Juni 1915 na boti mbili, Mimi na Toutou. Zikapita Cape Town, zikapanda reli hadi Katanga, zikavutwa kwa trekta za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, zikaelea Lualaba, zikapanda reli tena, hadi zikaguswa na maji hapa kwetu, mdomoni mwa Lukuga, mwezi Desemba. Miezi sita toka kwao hadi majini! Lakini siku moja baada ya Krismasi zilikuwa zimeiteka Kingani, meli ya Wajerumani, kwa sababu zilikuwa nyepesi na zina mbio. Ile nzito ilikaa chini ya maji hadi 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba.

Kwa hiyo mume wako ana haki, ila usimwambie leo, atalala vibaya kwa kujisifu. Beba unga, maana bukari ya mkono wako haipatikani kwa mwingine. Beba zawadi, na godoro moja kama mgongo unakudai. Kuku wabaki. Kuku hai melini ni abiria asiye na pasipoti, na utapigiwa kelele na watu wawili: anayeuliza karatasi zake, na aliyelala karibu naye. Huko harusini, nunua kuku wa Ujiji umkabidhi dada yako mbele za watu. Ataonekana mnono zaidi kwa sababu hakutapika njiani.

Barua ya tano

*Yambo Mjomba, nakuandikia kutoka Bruxelles. Baba anakuja kutoka Kalemie, ataomba viza ya wiki tatu. Nataka kumwonyesha Ulaya kwa gari: Luxembourg, Ujerumani, Uswisi, Italia, Ufaransa, turudi Ubelgiji, siku nane. Wenzangu wa Matonge wanasema tuongeze London. Baba naye anasema haji mikono mitupu: analeta ndakala na nyama ya mbuzi iliyokaushwa. Nipange vipi?*
*Binti wa Ixelles*

Binti yangu, hatua ya kwanza ya safari ya Ulaya ni Kinshasa. Huko ndiko baba atakapotolewa alama za vidole, na kutoka Kalemie haendi kwa gari. Kabla hajaiona Luxembourg atakuwa ameikata nchi yake nzima kwa ndege. Mhesabie uchovu huo.

Sasa viza. Nchi zote sita ulizotaja ziko ndani ya Schengen, hata Uswisi ambayo haimo katika Umoja wa Ulaya. London haimo. Uingereza ina viza yake yenyewe, na kama ya baba ni ya kuingia mara moja tu, akivuka bahari kwenda kuipungia mkono saa ya Westminster, mlango wa kurudi umefungwa. Waambie wa Matonge wampeleke wao na wamrudishe wao. Na kama katika gari kuna ndugu ambaye bado anangoja uamuzi wa ukimbizi na ana kadi ya chungwa ya Ubelgiji, huyo asivuke mpaka wowote. Eti hakuna vizuizi? Polisi wanasimama wanapotaka.

Barabara: Ubelgiji, Luxembourg na Ujerumani, gari dogo halilipi barabara kuu. Uswisi utanunua kibandiko cha faranga 40 za kwao, na ni cha mwaka mzima hata kama unapita kwa saa tatu. Ufaransa na Italia utalipa malangoni, tena na tena, mpaka baba aulize kama na huko kuna vizuizi vya askari. Katika miji ya kale ya Italia kuna mitaa ambayo gari la mgeni haliruhusiwi, na anayelinda ni kamera. Hakupigii filimbi. Barua ya faini inakufuata nyumbani miezi baadaye, ukiwa umeshasahau hata sura ya mji.

Mizigo ya baba: nyama na maziwa kutoka nje haviingii Umoja wa Ulaya, kwa hiyo mbuzi atabaki uwanja wa ndege. Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa, hadi kilo 20 kwa msafiri. Ndakala watapita kwa heshima zote. Lakini fikiri: njia ya gari ya Gotthard, chini ya mlima, ina urefu wa karibu kilomita 17. Vioo vimefungwa, kilo 20 za ndakala ziko nyuma, hita inafanya kazi. Mtatokea upande wa pili mmeshakuwa chakula. Samaki wabaki Ixelles, kwenye balkoni, na majirani waombwe radhi mapema.

Sasa ushauri wenyewe. Siku nane kwa nchi sita maana yake baba ataiona Ulaya upande mmoja tu, ule wa kioo cha dirisha, tena akisinzia. Chagua mbili zaidi ya Ubelgiji, mlale siku tatu kila moja. Na kabla ya kuondoka mpeleke Tervuren, nje kidogo ya Bruxelles. Katika jumba la makumbusho ya Afrika huko kuna sanamu ya Lusinga, chifu wa Watabwa wa milima ya Marungu, kusini kwetu hapa. Mbelgiji Émile Storms, aliyekuwa na kituo Mpala, aliichukua baada ya askari wake kumwua Lusinga Desemba 1884. Baba akisimama mbele yake usimharakishe. Ana maneno ya kumwambia jirani, na Milano haikimbii.

Majibu mafupi

*Dola yangu ina tundu dogo kama kichwa cha sindano. Kigoma wataichukua?* Hapa Kalemie wenyewe hawaichukui, Kigoma wamekukosea nini? Na ujue kwamba tangu 2025 sheria ya Tanzania inakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Badili benki au kwenye duka la fedha, ulipe kwa shilingi, utunze risiti.

*M-Pesa yangu ya Kongo si itafanya kazi Tanzania, mbona jina ni moja?* Wewe na rais wa mtaa wenu mna jina moja pia. Nenda ulipe kodi kwa jina lake, uone. Ulizia kwa wakala kabla ya kuvuka.

*Mchumba wangu anataka tusafiri siku kumi kabla ya ndoa ili tujuane. Zitatosha?* Siku mbili za matope kati ya Moba na Pweto zinatosha. Nane zilizobaki ni za kurudisha mahari.

*Niende na ramani ya simu au niulize watu?* Vyote. Simu inajua barabara ilivyokuwa. Mama anayeuza ndizi anajua daraja lilivyo leo. Ila nunua ndizi kwanza, ndipo uulize.

Hukumu ya mwezi huu ni moja kwa wote watano: punguzeni nchi, ongezeni siku. Anayeongeza nchi huongeza mihuri, foleni na ugomvi garini. Anayeongeza siku hupata muda wa kupotea na kurudi. Mwezi ujao tutajibu barua za misiba na michango yake. Atakayeandika aeleze kwa ufupi, ataje mtaa, asitaje jina la mama mkwe. Na wale walioniomba nauli: Mjomba pia anatafuta ya kwenda Kigoma.